Somo: Kutazama jeraha la konyeza likifunga

Ngozi ya mtu ikichubuka, damu na kigaga hufunika kila kitu. Konyeza mdogo aitwaye Clytia hemisphaerica, mnyama wa baharini mwenye umbo la mwavuli, hana damu, mwili wake ni kama kioo, na mgongo wa mwavuli wake una safu moja tu ya seli, bapa kama vigae. Jeraha dogo hapo hufunga kwa dakika chache, bila kovu.

1. Mweke kwenye maji safi ya bahari, nyuzi 18 hadi 20 za Selsiasi. Chagua konyeza mchanga anayepiga mwavuli vizuri.

2. Mnyonye kwa pipeti (mrija wa kunyonyea maji) yenye mdomo mpana, mlaze kwenye slaidi (kipande cha kioo cha hadubini), mgongo juu.

3. Hapa ndipo wengi huharibu. Pitisha ncha ya plastiki ya pipeti juu ya mgongo kama unayefuta vumbi kwenye miwani. Mara yangu ya kwanza nilikandamiza, nikakaa saa nzima nikikodolea shimo lisilofunga. Nilikuwa nimekwangua mpaka utando ulio chini ya seli, na bila huo seli hazina pa kutambaa.

4. Funika kwa kioo chembamba, piga picha kwa hadubini kila sekunde 10. Tazama ukingoni: seli hutoa pindo jembamba linalopepea, lamelipodia, likagusa mbele, likashika, likavuta. Mwishoni nyuzi za aktini, protini inayoipa seli umbo na mwendo, hukaza tundu kama mdomo wa mfuko wa kamba.

5. Pima eneo la pengo kwa ImageJ, programu ya kompyuta ya kupimia picha.

Maswali ya wanachama

– Mwalimu, konyeza wangu hatulii, picha zote ukungu.
Maji yamezidi chini ya kioo. Yanyonye kidogo kwa karatasi, lakini usimkaushe: maji yakipungua chumvi hupanda.

– Nitajuaje kuwa ni aktini kweli?
Rudia kwenye maji yenye sitokalasini, kemikali inayozuia nyuzi hizo kurefuka. Kundi la pili la konyeza lipate kiyeyushi peke yake, yaani kimiminika kilichoyeyusha sitokalasini. Vaa glavu, sitokalasini ni sumu.

– Na seli za kinga je?
Kwa hizo tafuta kiluwiluwi wa kiti cha pweza, naye mwanga humpenya. Mwaka 1882, kule Messina, Italia, mwanabiolojia Metchnikoff aliwachoma viluwiluwi hao kwa miiba ya waridi. Asubuhi akakuta seli zimeuzingira mwiba.

– Miiba mingapi?
Anza na mmoja.