Jinsi ya kupunguza moshi jikoni kabla haujaweka alama kwenye mapafu

Kama unapika kwa kuni huku kwetu Kigoma, iwe Ujiji, Kasulu au Uvinza, anza na hiki kitu kabla ya vyote. Chukua kipande cha shuka jeupe la zamani, kikate viwili, kimoja kining'inize jikoni usawa wa uso wako unapokuwa umeinamia sufuria, kingine kaning'inize uani mbali na moto, afu viache siku tatu. Mi nilifanya hivyo kwa mama mkubwa Ujiji, cha uani kilikuwa na vumbi jekundu tu ambalo ukikung'uta linatoka, cha jikoni kilikuwa kahawia na ukikishika kinanata kidoleni kama kimepakwa mafuta, nikakifua kwa sabuni ya mche mara mbili na doa halikutoka. Sa hayo ni yale masizi makubwa ya kuonekana, yale mabaya zaidi ni chembe za PM2.5 ambazo unywele mmoja ni mnene kama mara 30 ya chembe moja, hizo hazikamatwi na pua wala koo, zinashuka moja kwa moja mpaka kule chini kabisa mapafuni. Mwaka 2021 WHO, shirika la afya duniani, walisema wastani wa mwaka wa chembe hizo usizidi maikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na jiko la mafiga ndani ya chumba kisicho na pa kutolea moshi linafika mamia.

Mama mkubwa hajawahi kuvuta sigara hata moja. Alikohoa miezi minne, akapewa dawa ya kifua mara tatu kwenye zahanati moja, hakuna aliyemuuliza anapikia nini, na tulipokuja kujua ni saratani ya mapafu ilishasambaa. Daktari alituambia kwa mgonjwa mmoja huwezi kunyoosha kidole ukasema ni moshi huu ndo umefanya, na nakubaliana naye, lakini tangu siku ile nimekuwa nasoma hii mambo na ndo maana naandika.

Moshi unafanya nini mle ndani? Watu wengi wanajua habari ya DNA kuharibika, yaani maandishi ya maelekezo yaliyomo ndani ya seli kubadilika, na hiyo ipo kweli, moshi una kemikali inaitwa benzopairini ambayo inaharibu DNA. Ila kuna njia ya pili inaitwa epijenetiki na mi naielewa kwa kufikiria bandarini. Mzigo unaoenda Kalemie, Kongo, umeandikwa alama kwa rangi juu ya gunia, mchukuzi hafungui gunia kuangalia, anasoma alama anapakia, sasa mtu akija akapaka alama nyingine juu yake gunia lile lile la mchele linaishia Mpulungu, Zambia. Mchele haujabadilika hata punje, kilichobadilika ni alama. Kwenye seli alama mojawapo ni kitu kidogo sana kinaitwa methili, kinabandikwa juu ya DNA na kuiambia seli jeni hii, yaani kipande hiki cha DNA, isome au iache. Kuna jeni inaitwa p16, kazi yake ni breki, inazuia seli kugawanyika hovyo, na kwenye saratani nyingi za mapafu imekutwa imebandikwa methili mpaka imenyamaza, breki ipo lakini haifanyi kazi. Huko New Mexico, Marekani, watafiti waliwachunguza wavutaji wa sigara kwenye makohozi yao, wakaona wale waliovuta pia moshi wa kuni na huku p16 yao ina alama hizo ndo mapafu yao yalikuwa dhaifu zaidi.

Na mwaka 2023 timu ya mtafiti wa saratani Charles Swanton kule London ikaonyesha jambo jingine lililonikaa sana kichwani, kwamba kuna seli mapafuni ambazo tayari zina hitilafu lakini zimelala tu, hewa chafu ikija inaleta mwasho na kuvimba mle mapafuni (sio uvimbe wa saratani), na huko kuvimba ndo kunaziamsha. Kwaiyo usingoje mpaka useme moshi umeshaniharibu basi tena. Kila siku unayopunguza ina maana, hata kwa wavutaji wa sigara alama kwenye jeni ya AHRR zinaonekana kurudi kidogo kidogo baada ya kuacha, inachukua miaka na sio zote, ila zinarudi.

Haya, tuingie kazini. Cha kwanza ni kuwasha, maana dakika za kuwasha na zile za moto kufifia ndo zenye moshi mwingi kuliko moto ukiwa umeshika. Acheni jamani kuwasha mkaa kwa nailoni, najua inashika haraka, najua kila mtu anafanya, ila ule moshi mweusi wa plastiki ni sumu tupu na unauvuta ukiwa umeinama unapuliza. Makapi ya chikichi nayo yanashika haraka kwa sababu ya mafuta yaliyobaki lakini moshi wake mzito, tumia kidogo na washia nje. Mi natumia vijiti vyembamba vikavu na magunzi, navipanga juu ya mkaa badala ya chini, moto unashuka polepole na moshi unaungulia njiani. Jiko la mkaa liwashie uani mpaka mkaa wote uwe mwekundu ndo uingize, na usiku lisiingie chumbani kabisa hata kama mvua inanyesha, ile hewa ya mkaa haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini.

Kuni ndo kazi kubwa. Kuni mbichi inatumia moto wake kuchemsha maji yaliyomo ndani yake kabla ya kuchemsha ya kwako, ndo maana inafuka. Pasua vipande vyembamba, panga juu ya mawe au mbao visiguse ardhi, funika juu tu pembeni uache upepo upite, na fanya hivyo wakati wa kiangazi, mwezi wa saba wa nane, ikifika Novemba mvua zimeanza umechelewa. Kujua kama imekauka gonganisha mbili, kavu inalia ta ta, mbichi inalia du, na kavu ina nyufa kwenye ncha.

Afu punguza muda wa moto wenyewe. Maharage yetu haya loweka usiku kucha, mwaga maji, pika umefunika. Mama mkubwa alikuwa anakaa na maharage masaa matatu, yakilowekwa muda unapungua sana, hayo ni masaa ya moshi ambayo mtu havuti, na mtoto mgongoni havuti pia. Kama mfuko unaruhusu, mtungi mdogo wa gesi ukitumika hata kwa chai ya asubuhi tu tayari umeondoa kuwasha moto mara moja kwa siku.

Pa kutokea moshi sasa. Mchana upepo unatoka ziwani, usiku unatoka milimani kwenda ziwani, kwaiyo toboa pande mbili, upande wa ziwa chini na upande wa pili juu karibu na paa, moshi wa moto unapanda wenyewe. Ukiweza jenga jiko banifu la udongo lenye bomba, bomba lipite paa nusu mita au zaidi, na kama ni nyasi lizungushie udongo mnene maana bomba linachemka, masizi yatoe kila mwezi. Bomba sio urembo, kule Xuanwei, China, wanawake wasiovuta sigara walikuwa wanakufa sana kwa saratani ya mapafu kwa sababu ya moshi wa makaa ya mawe ndani ya nyumba, walipoweka majiko yenye bomba hatari ikapungua karibu nusu baada ya miaka. Makaa ya mawe ni makali kuliko kuni, wataalamu wa saratani wa WHO wanayaweka kwenye kundi la uhakika na moshi wa kuni kwenye kundi la "yaelekea", lakini ile hewa chafu ya nje kwa ujumla wameiweka kwenye uhakika tangu 2013.

Kina mama mnaokausha migebuka, samaki yule ana mafuta, yakidondokea makaa ndo inatengenezwa ile benzopairini, pandisha chanja juu kidogo, kinga mafuta kwa bati, na simama upande upepo unakotokea.

Kikohozi kikizidi wiki mbili nenda kapime makohozi, TB ni nyingi na inatibika. Ikionekana sio TB na kikohozi kipo, au kuna damu, sauti imekauka, unakonda, dai picha ya kifua na mwambie daktari hesabu yako ya moshi hata asipouliza, masaa kwa siku mara miaka. Mama mkubwa alikuwa na masaa matano kwa miaka arobaini, yaani 200.

Sasa hivi anayepika pale ni binti yake. Tumening'iniza kitambaa kingine baada ya kutoboa ukuta na kuhamishia kuni barazani, kimebaki cheupe chini ila juu bado kina doa, kwaiyo Jumamosi tunapandisha bomba.