Somo: Kuchomoa kiwiko cha kebo ya chini ya ardhi kikiwa na umeme

Swali la jinsi ya kuchomoa kiwiko, yaani kiunganishi cha mpira kilichopinda kilicho mwishoni mwa kebo, huulizwa kila mara, na majibu mafupi huacha nje mambo yanayoua. Kwa hiyo naandika yote hapa ili atakayeuliza tena aelekezwe kwenye somo hili. Linawahusu mafundi wa msongo wa kati waliofunzwa na kupewa kibali, wakiwa wawili kazini. Laini inayoweza kuzimwa izimwe kwanza.

1. Soma maandishi yaliyo kwenye kiwiko. Kinachoweza kukatwa kikiwa na mzigo, yaani kikiwa kinapitisha mkondo unaotumika, huandikwa hivyo, na kiwango chake ni ampea 200. Cha ampea 600, kinachofungwa kwa boliti, hakifunguliwi kikiwa na umeme, hata bila mzigo. Vipo pia vya ampea 200 visivyo na uwezo huo, navyo vinafanana sana kwa macho, kwa hiyo usikisie.

2. Vaa nguo zisizoshika moto, ngao ya uso na glavu za mpira za daraja linalolingana na msongo: daraja la 2 hufikia volti 17,000, la 3 volti 26,500, na la 4 volti 36,000. Zijaze hewa kwanza uone kama zinavuja.

3. Weka bushingi ya kuegeshea (bushingi ni sehemu ya kuhami ambayo kiwiko huchomekwa kwake) mahali pake, ufunge waya wake wa ethi, na uhakikishe kwamba kebo ina urefu wa kuifikia.

4. Chomoa. Hapa ndipo watu huungua, kwa hiyo soma polepole. Ingiza ndoano ya fimbo ya kuhami kwenye jicho la kuvutia, uibane, kisha usimame imara kwa urefu wote wa fimbo pasipo na kitu cha kukukwaza nyuma. Kabla ya kuvuta, zungusha kiwiko kidogo kulia na kushoto, kwa sababu mpira uliokaa muda mrefu hung'ang'ania bushingi, na asiyeulegeza kwanza hujikuta akivuta kwa mishtuko. Mpira ukilegea, vuta mara moja, kwa kasi, kwa nguvu na kwa mstari ulionyooka, mpaka kiwiko kitoke chote. Ndani yake mna kitu ambacho kikipata joto la cheche hutoa gesi ya kuizima, na kazi hiyo hutegemea kasi ya mkono wako. Onyo la kwanza: usivute kidogo kidogo. Onyo la pili: ukishaanza kuvuta usisite, wala usikisukume kiwiko ndani tena kwa kuogopa mlio au mwanga. Onyo la tatu: kikitoka, usikipitishe karibu na ukuta wa kabati wala chuma chochote chenye ethi, kwa kuwa ncha yake inaweza kuwa bado na umeme.

5. Kiegeshe kwenye bushingi ya kuegeshea. Kisha pima kebo kwa kipimo ulichokijaribu kwenye umeme unaojulikana, kabla na baada ya kupima, ndipo uifunge ethi. Kebo iliyochomolewa upande mmoja inaweza kulishwa kutoka upande wa pili, na hata iliyokatwa pande zote hubaki na chaji.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Chumba chetu ni kidogo na fimbo ni ndefu, kwa hiyo mimi hutumia glavu peke yake. Kuna ubaya?

Jibu: Upo. Glavu hukinga mguso, hazikingi mwako. Fimbo isipoenea, zima laini.

Swali: Lakini hapa kazini wote tunafanya hivyo na hakuna aliyeumia.

Jibu: Nimekwisha kujibu. Hatua ya 4 imetaja urefu wote wa fimbo kwa sababu hiyo.

Swali: Mwalimu, nimesikia kwamba kiwiko kinaweza kulipuka hata pasipo mzigo. Inawezekanaje?

Jibu: Umeuliza jambo la maana. Unapoanza kuvuta, mpira bado umeziba, kwa hiyo hewa kidogo iliyonaswa ndani hutanuka na shinikizo lake hushuka. Hewa yenye shinikizo dogo huhami vibaya zaidi, na umeme unaweza kuruka kutoka kwenye ncha ukafuata uso wa mpira hadi kwenye ethi. Mzigo hauhusiki, kinachohusika ni msongo, na tatizo hili linajulikana zaidi kwenye viwiko vya daraja la kilovolti 25 na 35. Ndiyo maana vipo vilivyobuniwa kupitisha hewa mapema.

Swali: Je, sehemu ya kupimia iliyo mgongoni mwa kiwiko ikionyesha hakuna umeme, naweza kugusa?

Jibu: Hapana. Uchafu au unyevu huipotosha. Ikionyesha umeme upo, amini. Ikionyesha haupo, endelea kupima kwenye kebo yenyewe.

Swali: Transfoma ya fezi tatu, nichomoe fezi moja baada ya nyingine?

Jibu: Inategemea muungo wake. Ikiwa upande wa msongo mkubwa umeungwa kwa delta (koili tatu zilizofungwa kwa umbo la pembetatu) na mzigo ni mdogo au haupo, fezi moja ikibaki nje, kebo na koili za transfoma huweza kupandisha volti kupita kiasi na kuharibu vizuia-radi. Hapo tumia swichi inayokata fezi zote pamoja.

Swali: Kiwiko kikirudishwa kwenye laini yenye shoti, kinatumika tena?

Jibu: Hapana. Badilisha kiwiko pamoja na bushingi yake.

Mwanachama mwingine: Naongeza kwamba fimbo ifutwe kwa kitambaa kikavu na safi kabla ya kazi, kwani vumbi lenye unyevu hupitisha umeme.

Jibu: Ahsante, ni kweli. Na wakati wa kurudisha, paka grisi ya silikoni inayoruhusiwa na mtengenezaji. Grisi ya mafuta ya petroli huvimbisha mpira, na kiwiko kilichovimba hakitalegea utakapokizungusha.