Mpaka Uliopinda: Somo la Historia kwa Ramani ya Kubofya

Asubuhi hapa Moshi, kabla mawingu hayajauvaa mlima, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inaonekana yote kutoka baraza la madarasa yetu. Ng'ambo ya mlima ni Kenya. Wanafunzi wangu wengi wana shangazi au wajomba Taveta na Loitokitok. Lakini waulize kwa nini mpaka wa Tanzania na Kenya umetoka baharini umenyooka kama uzi, ukapinda ulipoufikia Kilimanjaro, karibu wote watakujibu hivi: Malkia Victoria wa Uingereza alimzawadia mlima mjukuu wake, Kaiser (mfalme mkuu) Wilhelm wa Ujerumani, siku yake ya kuzaliwa.

Nami niliambiwa hivyo nilipokuwa na umri wao. Si kweli. Ukiwaambia tu kwamba si kweli, wataandika daftarini na kusahau. Nataka walivunje jibu hilo wenyewe, kwa ramani inayofunguka kidogo kidogo. Huchukua vipindi viwili vya dakika 40.

Hatua ya 1: Andaa ramani kwa tabaka

Tengeneza slaidi tatu za ramani ileile. Ya kwanza ionyeshe pwani, mto Umba, Ziwa Jipe, Kilimanjaro na Ziwa Victoria, bila mpaka wowote. Ya pili iwe na mstari wa mpaka. Ya tatu iwe na mstari huo pamoja na vitone vinne vya kubofya: Taveta, Moshi, London na Berlin (hivi viwili vya mwisho viweke pembeni, juu ya ramani).

Kila kitone kiwe na slaidi yake ya ushahidi, na kila slaidi ya ushahidi iwe na alama ya kurudi kwenye ramani.

Hatua ya 2: Tega vitone vizuri

Hapa ndipo wengi hukwama. Chora duara juu ya mahali unapopataka, kisha uliwekee kiungo cha kwenda kwenye slaidi ya ushahidi. Ukitaka duara lisionekane, usiliondolee rangi kabisa, maana kwenye PowerPoint duara lisilo na rangi hubofyeka kwenye ukingo tu. Lijaze rangi, halafu upandishe uangavu wake hadi 100.

Jambo la pili, na hili liliniharibia kipindi kizima: kwenye mipangilio ya kuhama kwa slaidi, ondoa alama inayoruhusu slaidi kuhama kwa kubofya popote. Usipoiondoa, mwanafunzi akikosea kitone kidogo tu, slaidi inaruka mbele na jibu linaonekana na darasa zima.

Kama hakuna projekta au umeme umekatika, chora ramani kubwa kwenye karatasi ya manila, ubandike bahasha nne mahali pa vitone. Ushahidi ukae ndani ya bahasha. Kwa darasa la wanafunzi 60 napenda bahasha kuliko projekta, kwa sababu kila kundi huinuka na kwenda kuchukua.

Hatua ya 3: Waandike kabla hujafungua

Onyesha slaidi ya kwanza. Waambie: “Mngekuwa ninyi ndio mnaogawa eneo hili, mngepitisha mstari wapi?” Wachore. Kisha fungua ya pili na uulize maswali mawili tu: unaona nini, na unakisia nini? Wagawe ukurasa wa daftari kwa mstari katikati. Kushoto kile macho yanachoona: “mstari umepinda kaskazini mwa mlima.” Kulia kile wanachodhani: “mtu aliutaka mlima.” Usiharakishe hapa. Wengi huandika dhana upande wa macho, na kuwarudisha kwa upole ndiyo kazi yenyewe ya siku hiyo. Hadithi ya zawadi itajitokeza upande wa kulia. Iache ikae.

Hatua ya 4: Fungua ushahidi, kitone kimoja kimoja

Anza na Taveta: mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alifanya mikataba na wakubwa wa pale. Halafu Moshi: mwaka 1885 Mjerumani Karl Jühlke alipata mkataba wa Mangi (chifu wa Wachaga) Rindi, ambaye maandishi ya wageni humwita Mandara. Simama. Waulize mstari unapita wapi kati ya sehemu hizo mbili. Utasikia darasa likinyamaza, kisha mtu anasema, “Unapita katikati!”

Kitone cha London kina makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwishoni mwa 1886: mstari uanzie mdomo wa mto Umba, uende Ziwa Jipe, upite mashariki na kaskazini ya ziwa hilo, ukate kati ya Taveta na Uchaga, uzunguke miguu ya kaskazini ya Kilimanjaro, kisha unyooke hadi Ziwa Victoria, latitudo ya digrii 1 kusini.

Berlin iwe ya mwisho, na iwe na tarehe tu: Wilhelm wa Pili alizaliwa Januari 1859, akawa Kaiser Juni 1888. Usiseme neno. Waache wapige hesabu. Mwaka 1886 aliyeketi kwenye kiti cha enzi alikuwa babu yake, na mpaka ulikuwa umeshakubaliwa.

Hatua ya 5: Warudi kwenye daftari

Kila mmoja akate dhana yake ya kwanza kwa mstari mmoja, bila kuifuta, na aandike chini yake mpya pamoja na kitone kilichombadilisha. Mimi hutoa alama kwa sababu aliyoandika, hata kama dhana yenyewe bado inayumba. Anayeandika “mikataba ilipanga kila kitu” muulize Rindi alidhani anakubali nini, na mkataba uliandikwa kwa lugha ya nani.

Hatua ya 6: Waongeze kitone chao

Wape ramani yenye mpaka na uwaambie waweke kitone kimoja kinachokosekana, chenye swali. Mwaka jana binti mmoja wa Rombo aliweka chake Tarakea na kuandika: “Watu wa hapa waliambiwa lini kwamba wamegawanywa?” Katika vitone vyangu vyote vinne hapakuwa na ushahidi wa kumjibu. Nikaigeuza kazi ya likizo: kila mwanafunzi amuulize mzee mmoja wa kwao, aandike kijiji, aandike maneno ya mzee kama yalivyosemwa, na chini yake aandike mzee huyo naye alisimuliwa na nani.