SOMO: Sakafu ya mbao inanyanyuka? Tafuta chanzo kabla hujaita fundi wa msasa

Wadau salaam. Kila masika natumiwa picha za sakafu zilizobinuka na swali ni lile lile: nipige msasa au nibomoe? Sijibu tena mmoja mmoja. Someni hapa kwanza. Nazungumzia mbao halisi (mninga, mkongo, mtiki) iliyolazwa juu ya zege kwenye nyumba ya chini.

1. Ondoa zulia na fanicha.

2. Angalia pamenyanyuka wapi: ukuta wa bafu, chini ya sinki, mlango wa nje, au chumba kizima.

3. Soma umbo la kibao. Kingo juu, katikati chini kama mtumbwi: maji yanatoka chini. Katikati juu, kingo chini: maji yametoka juu, au sakafu ilipigwa msasa kabla haijakauka. Vibao viwili vimesukumana hadi vikaacha zege: vimekosa nafasi. Kibao kimenyooka ila kinacheza: gundi imekufa.

4. Ng'oa skatingi (ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta) upande mmoja. Kati ya mbao na ukuta pawe na milimita 10 hadi 12. Mafundi wengi huibana mbao mpaka ukutani ili ipendeze. Piga hesabu: kibao cha sentimita 10 kikivimba nusu milimita tu, chumba cha mita 4 chenye vibao 40 kinadai milimita 20. Zitaenda wapi kama si juu?

5. Pima zege. Hapa tulia. Bandua vibao vichache, weka nailoni nene ya sentimita 45 kwa 45, ziba kingo zote kwa selotepu, acha angalau saa 16. Ukikuta matone upande wa chini wa nailoni, au zege limekuwa jeusi, unyevu unapanda kutoka ardhini. Sasa sikiliza: KWANGUA GUNDI YOTE KWANZA. Mara ya kwanza niliiacha, nailoni ikatoka kavu, nikalaza mbao mpya, zikabinuka zile zile. Gundi ilikuwa imeziba zege, unyevu haukuweza kufika kwenye nailoni. Usipime panapopigwa na jua. Pima zaidi ya sehemu moja. Matone yaliyo JUU ya nailoni ni ya hewa ya chumbani, hayahusiki. Na nailoni kavu siyo cheti, zege huweza kuficha maji chini kabisa.

6. Tafuta bomba linalovuja. Funga koki zote usiku, piga picha mita, linganisha asubuhi. Wenye simtanki: kama maji ya mtaani yamekatika mita haitakwambia kitu, weka alama kwenye tanki.

7. Hapo ndipo uite fundi.

MASWALI

Mdau wa Tabata: Mkuu yangu imenyanyuka, shida nini?
— Hatua ya 2 na ya 3. Picha iko wapi?

Mdau wa Tabata: Fundi anakuja kesho kupiga msasa, kasema itakaa sawa.
— Mwambie asije. Ukisawazisha kingo mbao ikiwa na maji, ikikauka kingo zinashuka na katikati inabaki juu. Nimeshaandika hapo juu.

Mdau wa Kibaha: Nyumba mpya, jamvi (zege la sakafu) lina miezi miwili. Naweza kulaza?
— Hapana. Kadiria mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, na hapo ni kama halinyeshewi. Jamvi la milimita 100 ni miezi minne. Muulize pia mjenzi kama aliweka nailoni chini ya zege. Akianza kujing'atang'ata, jibu umelipata.

Dada wa Moshi: Kwetu ni vile vipande vifupi vya zamani. Vimebanduka lakini vimenyooka, chini kuna kitu cheusi. Ni unyevu?
— Swali zuri sana dada. Kama havijabinuka, huenda ni gundi tu. Hicho cheusi ni gundi ya lami, ikizeeka inakuwa ngumu na kukatika. Gonga sakafu kwa mpini wa bisibisi, penye sauti ya utupu pameachia. Usitupe kipande hata kimoja. Andika namba nyuma kwa chaki, vinarudi. Ile lami usiipige msasa ikiwa kavu, baadhi ya gundi za enzi hizo zilichanganywa na asbesto. Na gundi mpya nyingi hazishiki juu yake.

Mdau wa Kigamboni: Yangu imebinuka katikati, na ni kiangazi.
— Nani anapiga deki, na kwa ndoo ngapi? Mbao inafutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa.

Mdau wa Kigamboni: Kweli, binti anamwaga. Halafu chini ya kibao kimoja kuna unga.
— Unga laini na vitundu vidogo ni bungua. Ukikuta udongo ni mchwa, basi usihangaike na hicho kibao, fuata njia yao hadi ukutani kabla ya kununua dawa.