Kurekebisha upumuaji wa injini ya turbo katika gari la mashindano

Injini ya turbo inapopumua vibaya, dalili huonekana mbali na ugonjwa wenyewe. Gari hutoa moshi wa bluu dereva anapoachia mafuta, ndani ya intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) hukutwa oili, kijiti cha kupimia oili hujiinua kutoka kwenye bomba lake, na mwenye gari huambiwa anunue turbo nyingine. Hapa Tabora nilipokea Subaru ya mashindano yenye injini ya EJ20 ambayo tayari ilikuwa imebadilishiwa turbo mara mbili katika gereji nyingine. Turbo ya tatu ingekufa vilevile, kwa sababu hakuna aliyepima presha iliyokuwa ikijikusanya ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na inaniuma kuona mtu akitumia fedha nyingi kiasi hicho kwa kosa la kifaa kidogo.

Kila injini, hata ikiwa mpya, hupitisha kiasi fulani cha gesi ya mwako kandokando ya ringi za pistoni, na gesi hiyo lazima itafutiwe njia ya kutokea. Injini inapounguruma taratibu, manifoldi, yaani mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda, huivuta kupitia valvu ya PCV, ambayo hupitisha gesi upande mmoja tu; turbo inapoanza kusukuma hewa, valvu hiyo hujifunga, na gesi hutoka kwa mipira ya briza (matundu ya kupumulia ya injini) iliyounganishwa na bomba la hewa kabla ya turbo. Valvu ikikwama ikiwa wazi, hewa ya turbo hushuka moja kwa moja hadi kwenye sampu. Oili inayolainisha turbo hurudi chini kwa uzito wake tu, bila kusukumwa na pampu, kwa hiyo presha ya sampu ikipanda oili hushindwa kushuka, hupita kwenye sili za turbo, na lawama huiangukia turbo isiyohusika.

Kabla ya kununua chochote, pima. Mimi hutumia mpira mwembamba unaoonyesha, uleule ambao waashi huutumia kupimia usawa wa msingi kwa maji. Chukua mita nne hivi, ufunge sehemu moja kwenye ubao kwa umbo la herufi U, kila upande usipungue sentimita 60, kisha mimina maji yenye rangi kidogo hadi yafike katikati ya pande zote mbili. Ncha iliyobaki ndefu ichomekwe kwenye bomba la kijiti cha oili bila kuvuja, na ncha ya pili iachwe wazi. Ubao ushikwe wima na msaidizi aliyeketi kando ya dereva, naye auchomoe mpira mara moja akiona maji yanavutwa kuelekea injini. Kulipima gari likiwa limesimama hakutoshi, maana injini isiyobeba mzigo huficha mengi. Nenda mahali palipofungwa kwa majaribio, uweke gia ya pili, ukanyage mafuta hadi mwisho, na msaidizi asome tofauti ya urefu wa maji kati ya pande mbili. Kwa kawaida yangu, tofauti ikizidi sentimita 15 naanza kutafuta chanzo. Ile Subaru iliyarusha maji yote yakamwagikia mapaja ya kijana wangu kabla sindano ya mizunguko haijafika 5,000.

Valvu ya PCV ndiyo ya kwanza kuchunguzwa. Ichomoe na uitikise: iliyo hai hulia ndani. Ukipuliza kutoka upande wa injini hewa hupita, na ukipuliza kutoka upande wa manifoldi hewa hugoma. Ya Subaru ile ilikuwa imejaa masizi, haikulia wala haikugoma, na kuibadilisha kulimaliza sehemu kubwa ya tatizo. Valvu ikiwa nzima na mipira haijaziba, lakini presha bado ni kubwa, pima kompresheni (nguvu ya kugandamiza hewa) na uvujaji wa silinda, kwa sababu hapo ringi zimechoka au pistoni imepasuka, na hakuna tangi la kunasia oili litakaloponya hilo.

Usisahau eakilina, yaani kichujio cha hewa. Vumbi la kiangazi katika barabara zetu za changarawe huiziba upesi, mvuto katika bomba la kabla ya turbo huongezeka, na mvuke wa oili hunyonywa kwa wingi kuliko kawaida.

Presha ikiwa nzuri lakini oili bado inatoka, tazama kona. Injini ya Subaru imelala ubavu, kwa hiyo kona ndefu hurundika oili kwenye hedi (kichwa cha silinda) ya upande wa nje na kuisukuma kwenye briza yake. Hapa ndipo tangi la kunasia oili inayotoka kwa briza lina kazi. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, hutaka lisipungue lita 2 kwa injini zisizozidi sentimita za ujazo 2,000, na lita 3 kwa zilizo kubwa zaidi, tena kilichomo kionekane kutoka nje. Mipira yake iwe ya kustahimili oili, isiwe myembamba kuliko ya kiwandani, na ipande moja kwa moja kutoka kwenye injini bila bonde ambamo oili itatuama. Ndani weka nyuzi nene za chuma kisichoshika kutu, zizuiwe na bati lenye matundu zisije zikatoka. Ukiamua tangi lipumulie nje, ziba kwa uthabiti matundu yote yaliyobaki kwenye manifoldi na kwenye bomba la hewa, la sivyo injini itavuta hewa ambayo sensa ya hewa haikuipima.

Kilichonaswa kisirudishwe kwenye injini. Miezi ya mvua huwa kimechanganyika na maji hadi kuwa cheupe kama uji. Baada ya kila mbio kipime, ukiandike kwenye daftari la gari pamoja na kipimo cha mpira, na kiasi kikiongezeka ghafla, fungua injini kabla ya kuliingiza gari katika mbio nyingine.