Namna ya kurudisha kicheko kwenye nyumba yenye mgonjwa

Baba alipopigwa na kiharusi alikuwa shambani, Songea. Upande wa kulia ulilala wote, mdomo ukapinda, maneno yakawa mazito. Tulimleta kwetu Dar es Salaam, tukamtandikia godoro sebuleni karibu na dirisha, na kuanzia siku hiyo nyumba ikanyamaza. Wanangu walikuwa wakitoka shule wanaingia kwa kunyata. Redio ilizimwa. Tulinong'ona kana kwamba ameshatutoka, ilhali masikio yake yalikuwa mazima kabisa.

Tuliishi hivyo karibu miezi miwili. Ningejua ninayoyajua leo, hata wiki mbili zisingefika. Ndiyo maana nawaandikia ninyi mlio na mgonjwa ndani.

Anza kwa kumtafuta mwenye haki ya kutania. Sisi watoto hatukuwa nayo. Kwetu mtu hamtanii baba yake mzazi, hata kwa nia njema, na baba angeona tumemshusha kwa sababu ameanguka. Aliyetufungulia njia ni jirani, mzee wa Kihehe. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na kutokana na uhasama ule wakawa watani mpaka leo. Mzee yule alisimama mlangoni, hakuvua hata kofia, akasema kwa sauti ya juu: "Nimesikia Mngoni hawezi tena kuinua mkono. Nimekuja kupima shamba langu." Mimi nilishika mdomo kwa hofu. Baba alimtazama kwa muda mrefu, kisha akalisukuma neno moja moja: "Mfungeni… mbwa. Mgeni… ana njaa."

Anayejua tunavyowatania Wahehe kwamba wanakula mbwa ataelewa kwa nini nyumba nzima ilipasuka. Baba mwenyewe alicheka kwa nusu ya uso, machozi yakimtoka. Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote tangu aletwe.

Kwenu mtani anaweza kuwa mwingine. Mnyamwezi na Mzaramo wanataniana tangu enzi za misafara ya wapagazi. Kuna binamu, kuna shemeji, na kuna mjukuu, ambaye hana mpinzani. Mwanangu wa miaka tisa alipewa kazi ya kumnyoa babu yake ndevu kila Jumamosi kabla ya simu ya video kutoka kwa mama aliyebaki kijijini. Alikuwa akimwambia, "Tulia, mume mwenzangu, mke wetu akikuona hivi atanichagua mimi." Kunyolewa, ambako alikuwa akikukataa kwangu, akawa anakusubiri.

Mtani akija, mpishe. Usimkatize kwa "jamani, mgonjwa!" Mletee chai, kaa naye, cheka. Mgonjwa anayetaniwa anapata tena nafasi ya kujibu. Siku nzima anageuzwa, analishwa, anasafishwa. Hapo kwenye utani tu ndipo anaposhinda.

Pangeni na saa. Sisi tulichagua baada ya chakula cha jioni, wote mkekani, baba ameegemezwa mito. Simu zinawekwa juu ya kabati, kisha kila mmoja anasimulia jambo moja lililomkuta siku hiyo: konda wa daladala, Mangi wa dukani alivyoniuliza deni kwa adabu mpaka nikaona aibu zaidi. Tulikuwa tumeuza pikipiki ya mume wangu kulipia matibabu, na hilo pia tulilisimulia. Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2011: watu waliocheka pamoja walistahimili maumivu zaidi kuliko kabla ya kucheka, hata walipobanwa mkono kwa kifaa cha kupimia presha. Waliotazama vipindi visivyochekesha hawakupata nafuu hiyo. Nilipousoma nilikumbuka jinsi mazoezi ya viungo, yaliyokuwa yakimliza baba asubuhi, yalivyovumilika tulipoanza kuyafanya jioni, baada ya mkeka.

Sasa tahadhari, nazo zishikeni sana. Mgonjwa wa kiharusi asichekeshwe akiwa na chakula mdomoni. Koo lake linaweza kuwa dhaifu na akapaliwa vibaya. Mkalishe wima, ale kwanza, ameze, kisha mzungumze. Mwenye mshono wa tumbo akumbatie mto anapocheka, ausukume kidogo kwenye jeraha, maumivu yatapungua. Na ukiona mgonjwa anacheka au kulia ghafla bila sababu, tena hawezi kujizuia, usidhani anakejeli wala amerukwa na akili. Kiharusi chenyewe kinaweza kusababisha hali hiyo, na daktari anapaswa kuambiwa.

Hata kwa wazima, kicheko si furaha kila mara. Mwaka 1962 huko Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana 95 kati ya 159 wa shule moja walishikwa na kicheko na kilio wasichoweza kukizuia, mpaka shule ikafungwa mwezi Machi. Kwa hiyo mtoto akichekacheka mbele ya mgonjwa au msibani, msimpige. Mtoeni nje, mkaeni naye, mumuulize anaogopa nini.

Kuna kicheko kimoja kilitujeruhi. Ndugu yetu mmoja alimrekodi baba akiyumba na kuanguka kwenye mazoezi, akaituma video kwenye kundi la familia la WhatsApp na vikatuni vya kucheka. Baba aliiona kwenye simu ya mjukuu. Aligeukia ukutani, siku mbili hakusema neno. Niliomba kila mtu aifute, na aliyeirekodi alikuja mwenyewe, akakaa chini mkekani, akaomba radhi mbele ya wote waliokuwa wameiona. Tangu hapo sheria yetu ni kwamba mgonjwa hapigwi picha bila ruhusa yake, na tunacheka akiwepo, naye akicheka. Mjifunze pia ishara yake ya kuchoka. Ya baba ilikuwa kukwaruza mkeka kwa kidole cha mkono mzima. Tukiiona, tunakusanya vikombe, taa inapunguzwa.

Msisitishe utani hata mambo yakifika mwisho. Baba aliishi nasi mwaka mmoja na miezi minne, akaomba kurudi Songea, na akafia huko. Ikiwa kwenu watani wana nafasi yao msibani, waelezeni mapema wakwe na wageni wa makabila mengine wasije wakakasirika, na muwatengee watani noti ndogondogo. Jirani yetu alisafiri nasi kwa basi. Wakati wa kwenda makaburini alilala njiani, akakataa jeneza lisipite mpaka alipwe deni la shamba lake, akaigiza mwendo wa baba wa kuburuta mguu, kisha ile sauti nzito: "Mfungeni… mbwa." Watu waliokuwa wakilia walicheka huku wakilia. Mama ndiye aliyelipa, shilingi elfu mbili, alizozifungua taratibu kwenye pindo la khanga.