Mwenye nyumba anachelewa kutengeneza? Hivi ndo unavyodai fidia yako

Masika ikianza tu simu yangu haipumziki. Mi ni msaidizi wa kisheria hapa Arusha, nakaa ofisi ya kata siku tatu kwa wiki, na kuanzia Machi mpaka Mei malalamiko ni yaleyale, bati linavuja, chemba imefurika, ukuta wa choo umelala, na mwenye nyumba anasema "nitamtuma fundi" tangu mwezi juzi. Wengi wanakuja na hasira, wachache wanakuja na karatasi, na wanaoondoka na hela ni hao wa karatasi. Sasa naandika hapa ninachowaambia pale mezani.

Hatua ya 1: hakikisha ubovu ni wa kwake

Hata kama mkataba wenu ni mstari mmoja kwenye daftari, Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, kifungu cha 88, imeshaandika ahadi za mwenye nyumba kwa niaba yake. Nyumba ya kuishi lazima iwe inafaa kukaliwa na binadamu siku unayoingia na ibaki hivyo muda wote wa upangaji, na kama umepanga sehemu tu ya nyumba, yeye ndo mwenye jukumu la paa, kuta kubwa za nje, mifereji mikuu na maeneo mnayotumia wote. Kioo alichovunja mtoto wako au sinki uliloziba mwenyewe kwa mafuta ya chipsi, hilo ni lako, usije nalo kata utaaibika.

Kuna wazee bado wanasema nenda ukashtaki kwa ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba. Hiyo ilifutwa 2005. Usipoteze nauli.

Hatua ya 2: mwambie kwa maandishi, leo

Hapa ndo kesi nyingi zinafia na hata yangu mwenyewe ilifia hapa. Kipindi nakaa Moshi, Pasua, kabla sijajua haya mambo, chemba yetu iliziba, maji machafu yakawa yanarudi mpaka mlangoni, nikampigia mwenye nyumba kama mara nane hivi, kila siku "kesho kijana wangu, kesho". Ilichukua wiki sita. Siku tumekaa mbele ya mtendaji yule baba akasema kwa upole kabisa, "huyu kijana hajawahi kuniambia, mimi ningejuaje?" Sikuwa na kitu cha kuonyesha. Simu inaonyesha umepiga, haionyeshi umesema nini.

Kwa hiyo tuma meseji ya kawaida au wasap, na heshima iwepo kwa sababu hiyo meseji kesho itasomwa na watu wazima. Mi nawaandikia hivi:

"Shikamoo mzee. Ni mimi mpangaji wako wa vyumba viwili vya upande wa barabarani. Leo tarehe 4 Aprili paa la chumba cha kulala linavuja sehemu mbili, maji yanadondoka kitandani. Nimekutumia picha. Naomba fundi aje ndani ya siku 14. Ahsante mzee."

Basi. Hamna matusi, hamna vitisho, kuna tarehe, kuna ubovu wenyewe na kuna siku ulizompa. Kama mzee hana simu ya meseji, andika barua nakala mbili, mpelekee na shahidi, aweke sahihi kwenye nakala yako. Akikataa kusaini, shahidi aandike jina lake, tarehe na saa.

Kuhusu hizo siku 14, sheria haikupangii namba, ni muda ambao mtu mwenye akili timamu anaona unatosha. Bati lililotoboka, wiki mbili ni nyingi tayari. Choo kimoja kinachotumiwa na familia nne kikifurika, siku tatu. Nyaya za umeme zinatoa cheche, leo leo.

Hatua ya 3: kusanya ushahidi na uendelee kulipa kodi

Narudia, ENDELEA KULIPA KODI. Najua inauma kulipia nyumba inayonyesha ndani, ila ukiacha kulipa umempa silaha, kesi inageuka kutoka "hajatengeneza" kuwa "hajalipa" na wewe ndo unakuwa mkosaji. Na usitengeneze mwenyewe ukakata kwenye kodi bila yeye kukubali kwa maandishi, hata meseji ya "sawa tengeneza tutakatana" inatosha, lakini iwepo.

Piga picha siku ya kwanza, halafu kila mvua kubwa ikipiga, piga tena. Video ni nzuri zaidi, ndoo iko chini, maji yanaingia, sauti ya mvua inasikika. Meseji usifute kwenye simu, skrinshoti peke yake mtu anaweza kusema umetengeneza, ila simu yenyewe ikiwa mezani anakosa la kusema. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 mambo ya kwenye simu yanapokelewa kama ushahidi, msiogope mtu akiwaambia "wasap sio ushahidi". Mwite pia mjumbe au mwenyekiti wa mtaa aje aone kwa macho.

Risiti za kodi, risiti ya fundi, ya kununua turubai, zote kwenye bahasha moja. Kama kodi unatuma kwa simu, zile meseji za muamala ndo risiti zako.

Hatua ya 4: piga hesabu, usiokote namba hewani

Watu wanakuja wanadai milioni tano za "usumbufu". Nani atakupa? Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinalipa hasara iliyotokana moja kwa moja na yeye kuvunja makubaliano, na wanaangalia kama na wewe ulijitahidi kuipunguza, yaani kama uliona panavuja ukaacha godoro palepale wiki nzima, hilo godoro utalililia mwenyewe.

Nawapa mfano wa dada mmoja fundi cherehani wa Sombetini, huyo wa meseji ya juu. Vyumba viwili, kodi 150,000 kwa mwezi. Alitoa taarifa 4 Aprili, siku 14 zikaisha tarehe 18, paa likatengenezwa 20 Juni. Kwa hiyo ucheleweshaji tunaohesabu ni siku 63, hatuanzi siku paa lilipoanza kuvuja, tunaanza siku aliyotakiwa awe ameshamaliza. Chumba kimoja kati ya viwili hakikaliki, watoto wote wamehamia kulala sebuleni, kwa hiyo nusu ya kodi, 75,000 kwa mwezi, gawa kwa 30 unapata 2,500 kwa siku. Mara 63 ni 157,500. Turubai alilofunika juu kwa haraka 18,000, risiti ipo. Godoro lililoharibika siku ya mvua ya kwanza alitaka kulidai, nikamwambia hapana dada, mvua ya kwanza mzee alikuwa bado hajajua. Vitambaa vya wateja viwili vilivyolowa mwezi wa tano, hivyo tukaweka, 40,000, kwa sababu aliwalipa wateja na wakamuandikia karatasi. Jumla 215,500.

Haionekani hela kubwa eeh? Lakini kila shilingi ina mguu wa kusimamia, na mzee alipooneshwa ile karatasi alibishana na vitambaa tu, hayo mengine hakuwa na pa kushika.

Hatua ya 5: barua ya madai

Ukurasa mmoja unatosha. Jina lako, nyumba ilipo, tarehe uliyotoa taarifa, tarehe alipotengeneza au kama mpaka leo bado, hesabu yako mstari kwa mstari, na siku unazompa kujibu, mi huwa naweka 14. Mwishoni mpe mlango wa kutokea, andika kwamba uko tayari hiyo hela ikatwe kwenye kodi ijayo. Hii inasaidia sana huku kwetu ambako watu wanalipa miezi mitatu au sita kwa mkupuo, mwenye nyumba kutoa keshi mfukoni ni vita, ila kupokea kodi pungufu anavumilia.

Hatua ya 6: kata, kisha wilaya

Akinyamaza, nenda Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 baraza la kata halitoi hukumu tena kwenye migogoro ya ardhi na nyumba, kazi yake ni kuwasuluhisha, na lina siku 30. Mkishindwana unapewa cheti cha kwamba usuluhishi umeshindikana na hicho ndo unaingia nacho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lipo Arusha na lipo Moshi. Siku 30 zikipita wamekaa kimya, unaruhusiwa kwenda bila cheti.

Kule wilaya sio lazima uwe na wakili, na Kiswahili kinatumika. Kuna kitu kimoja kinawaangusha watu: mkataba ambao haujalipiwa ushuru wa stempu TRA, upande wa pili unaweza kuupinga usipokelewe. Ulipie mapema, hata kama umechelewa unalipa na faini yake.

Ukitaka mtu wa kukuandikia bure, Arusha kuna ofisi ya LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu), Moshi kuna KWIECO, shirika linalotoa msaada wa kisheria, na kata nyingi zina wasaidizi kama mimi. Madai ya mkataba yana miaka sita, ila usisubiri, mashahidi wanahama.

Akikufungia kufuli au akaanza kung'oa bati kisa umemdai, hilo ni kosa jingine juu ya la kwanza, kifungu hichohicho cha 88 kinampa mpangaji utulivu kwenye nyumba aliyoilipia. Piga picha kufuli, nenda kwa mtendaji siku hiyohiyo.

Na mkielewana, hata mkielewana mkicheka mnakunywa chai, iandikwe. Yule dada waliishia 190,000, ikakatwa kwenye kodi ya Julai na kidogo ya Agosti, mtendaji akagonga mhuri, kila mtu na nakala yake. Agosti mtoto wa mzee akaja kudai kodi yote, dada akatoa karatasi kwenye droo ya cherehani.